Mbio za Kwenda kwa Mjomba

Kwetu Uluguru, wakati wa Wajerumani, mtu hakukimbia njiani bila sababu, na sababu zilikuwa chache: moto, nyoka au msiba. Aliyeonekana akipanda mlima mbio alidhaniwa amebeba habari ya kifo, na wanawake walianza kulia kabla hajafungua mdomo. Nililijua hilo tangu utotoni. Nalieleza mapema kwa sababu siku niliyopaswa kulikumbuka nililisahau.

Nilikuwa darasa la mwisho katika shule ya mjini Morogoro, na nilijulikana kwa mbio kuliko kwa hesabu. Kulipokuwa na kifurushi cha kupelekwa Mkuyuni, mwalimu alinituma mimi, nami nilirudi jua lingali juu. Wenzangu walisema hata nikilala miguu yangu huendelea na safari. Hawakukosea sana. Kukaa kwenye benchi mpaka kipindi kiishe kulinichosha kuliko mlima wowote.

Asubuhi moja mwalimu aliniita mbele. Nimechaguliwa, alisema, kwenda shule kubwa ya Tanga, wanakofunzwa makarani na walimu. Angenipeleka mwenyewe mpaka Dar es Salaam kwa garimoshi, nikapande meli ya Tanga, na safari ilikuwa kesho yake adhuhuri. Baba yangu amekwisha kuulizwa, na amekubali.

Mwalimu alikuwa mtu wa pwani. Huko kwao baba akikubali, mambo yamekwisha. Baba yangu naye, fundi wa kushona kanzu pale sokoni, alifurahi mno kuulizwa jambo kubwa na mtu msomi, akashindwa kumwambia kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake.

Mama nilimkuta akichambua mboga.

"Baba yako amekubali nini?" alisema. "Amekubali kukushonea kanzu. Mwenye neno ni mjomba wako."

"Mama, garimoshi ni kesho!"

"Garimoshi si kaka yangu. Nenda kwa mjomba. Bila yeye hutoki hapa, hata huyo mwalimu aje na askari."

Mjomba, kaka yake mkubwa na mkuu wa ukoo wetu, alikaa juu mlimani, mbali kidogo na mto Morogoro. Sikungoja chakula. Nilishika njia ya mto, nikapanda mbio kwenye migomba na mashamba ya maharage, nikitunga maneno ya kumwambia. Nilipofika karibu na nyumba zao, mke wa mjomba alikuwa anaanika mahindi. Aliniona, akaangusha ungo, akashika kichwa.

"Yoo! Dada yetu! Dada yetu amekufa!"

Nyumba ya pili ikaitikia, kisha ya tatu. Nilitaka kusema, lakini pumzi haikunipa nafasi. Mpaka nilipoweza kutamka "Mama mzima, mama mzima!" watu walikuwa wamekwisha kujaa uani, na bibi mmoja alikuwa amelala chini akilia.

Mjomba alitoka ndani polepole, akiegemea fimbo, maana goti lake moja lilikuwa bovu.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mjomba. Nimekuja kuomba ruhusa ya kwenda shule."

Mke wa mjomba akaokota ungo wake. "Miguu ya paa, akili ya kuku," alisema, na watu wakaanza kucheka huku wanafuta machozi.

Mjomba hakucheka. "Rudi mpaka kijitoni. Nawa uso. Kisha uje kwa mwendo wa mtu mwenye habari njema."

Nilirudi, nikanawa, nikapanda tena nikitembea. Njia ile fupi haijapata kuwa ndefu kama siku hiyo. Safari hii alisema, "Marahaba," akanionyesha kigoda. Nikataka kuanza kueleza, akainua mkono. Maharage ndiyo kwanza yalikuwa yanabandikwa. Nilikaa nikiyasubiri yaive, kisigino kikipigapiga udongo, na kila nilipofungua mdomo aliniuliza habari ya mtu mwingine wa ukoo. Tulipokwisha kula ndipo alisema, "Haya. Hiyo shule."

Nilieleza yote. Aliniuliza jambo moja tu: "Nani atakayekupokea?"

"Mwalimu."

"Ananijua?"

"La, mjomba."

"Basi kesho atanijua. Mtoto wa dada yangu hatoki kama mtoro. Nitakukabidhi mimi mwenyewe."

Ruhusa nilikuwa nimeipata, lakini sikulala vizuri, kwa sababu ya lile goti.

Asubuhi alinipeleka kwanza kwenye makaburi ya ukoo, akawaeleza wazee waliolala pale kwamba ninasafiri. Hakuharakisha hata neno moja. Ndipo tukaanza kushuka, yeye mbele, mimi nyuma. Njia ilikuwa nyembamba, na mkubwa hapitwi. Alitanguliza fimbo, kisha mguu mzima, kisha ule mbovu. Nilihesabu majani, niliuma kucha, nilimwona kinyonga akitupita. Jua lilikuwa linakaribia utosini.

Tulipofika pale mji unapoonekana wote chini, tukasikia mluzi wa garimoshi. Nilisimama. Machozi yalinitoka bila kuyaita. Mjomba alinitazama, akasogea kando ya njia, akakanyaga maharage ya watu.

"Pita," alisema. "Kimbia."

Nilikimbia. Kwenye nyumba za kwanza wanawake walitoka wameshika vichwa, na nyuma yangu nikasikia sauti ya mjomba ikiteremka mlima: "Msilie! Hakuna msiba! Mtoto wetu anakwenda shule!"

Stesheni nilimkuta mwalimu amekaa juu ya sanduku, anakula ndizi. Mluzi ule ulikuwa wa kufika, si wa kuondoka. Garimoshi lilikuwa linatiwa maji, na vibarua walikuwa bado wanapakia kuni. Lilipakiwa mpaka nikachoka kusimama, na lilikuwa lingali linapakiwa mjomba alipotokea kwenye kona, ametapakaa vumbi mpaka magotini. Alinishika mkono, akautia mkononi mwa mwalimu.

"Huyu ni wa ukoo wetu," alimwambia. "Nimekuazimisha. Utamrudisha."

Mwalimu, mtu wa pwani, alisimama akavua kofia. "Nimepokea, mzee."

"Panda," mjomba akaniambia. "Taratibu."

Nilipanda taratibu, maana alikuwa ananitazama. Lakini behewani sikukaa. Nilisimama mlangoni, miguu ikigonga mbao, mpaka milima ilipopotea.