Gari la Baba Kwenye Kaseti ya Nne

Tulikuwa na kaseti nne. Mjomba alizileta kutoka Mombasa pamoja na mashine yenyewe ya kuchezea gemu, mwaka ule mafuriko yalipokwisha na barabara ya Garsen ikapitika tena. Mimi nilikuwa darasa la sita, kaka yangu kidato cha pili. Televisheni yetu ilikuwa ndogo, isiyo na rangi, na umeme tuliupata kwa waya mrefu kutoka jenereta ya duka la jirani, kuanzia alasiri hadi magharibi.

Kaka alizipanga kaseti kwa ubora, akaandika kwa chaki nyuma ya mlango. Ya kwanza mpira, kwa sababu tuliweza kucheza wawili. Ya pili ya kupigana, ya tatu ya mtu anayeruka mashimo. Ya mwisho kabisa, mashindano ya magari.

"Hiyo ni ovyo," alisema. "Magari yote kijivu, hujui lako ni lipi. Kona ya kwanza tu, uko ukutani."

Nilijaribu, nikaingia ukutani. Nikakubaliana naye.

Baba alikuwa dereva wa lori kwenye mradi wa mpunga kule chini. Maji ya mto yalivunja kingo, mashamba yakazama, na wafanyakazi wakaambiwa wakangojee nyumbani mpaka waitwe. Hakuitwa. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati lake la kazi, kisha akakaa. Sikuwa nimewahi kumwona Baba amekaa mchana kutwa, na sikujua nipite mbele yake au nyuma yake.

Alasiri moja nilitoka kuteka maji nikamkuta mbele ya televisheni, ameshika rimoti ya pili ya mashine ya gemu kwa mikono miwili kama usukani. Magari yalikuwa yakikimbia. Gari lake lilikata kona ya kwanza, likakata ya pili, likapita mengine matatu. Baba alikuwa akiinamia kushoto na kulia, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu. Baada ya muda kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi, halafu magari yakaanza tena.

"Raundi imekwisha," akaniambia. Alikuwa anatabasamu.

Niliweka ndoo chini. Kaka yangu, aliyezijua gemu zote, hakuwa amewahi kufika kona ya tatu.

Ikawa hivyo kila siku. Jioni akimaliza alimwambia kaka, "Futa ule mlango wako. Hii ndiyo ya kwanza." Kaka alinuna. Alikaa peke yake na kaseti ile saa nzima, akaishia ukutani. Aliniuliza mimi, kana kwamba ninajua, "Anabonyeza nini?" Nilimwangalia Baba vidole. Alibonyeza vitufe vyovyote, wakati mwingine hakubonyeza kitu. Nilifikiri labda mtu aliyeendesha lori miaka mingi ana namna yake ambayo hata mashine inaitambua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Siku ya kupiga deki nilisogeza meza, nikauona waya wa rimoti ya pili. Ulikuwa umening'inia nyuma, haukuchomekwa popote. Basi mchezo ulikuwa ukijicheza wenyewe, kama unavyofanya usipoguswa.

Nilikimbilia jikoni. "Mama, Baba hachezi!"

Mama alikuwa anakanda unga. "Nani kakwambia hachezi?"

"Waya haujaingia."

"Najua. Usiuguse."

"Lakini ni uongo."

"Uongo wa nani?" Nikaanza kuhesabu. Mama hakusema uongo, Baba hakusema uongo, hata televisheni haikusema uongo. Akarudia, "Usiuguse, mwanangu," akaendelea kukanda.

Sikuugusa. Ila nilimwambia kaka, na mpaka leo sijui kwa nini nilimwambia. Labda nilitaka mtu mwingine achanganyikiwe pamoja nami. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake, Baba alipokwenda kunawa, kaka aliuchomeka ule waya, akabonyeza mchezo uanze, akasimama kando.

Baba akarudi, akashika rimoti. Taa zikawaka, magari yote yakaondoka, lake likabaki. Akabonyeza, likaruka mbele, likagonga ukuta. Akabonyeza tena, likageuka likatazama lilikotoka. Nilimtazama kaka nikitegemea acheke, lakini alikuwa anatazama miguu yake. Baba aliweka rimoti juu ya meza taratibu, akatoka nje.

Siku tatu hakukaa pale. Mimi na kaka hatukucheza wala hatukusemezana, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye mwenye kosa. Siku ya nne Baba aliniita, mashine imewashwa.

"Kitufe cha breki ni kipi?"

Nikamwonyesha. Akagonga ukuta mara nyingi. Nikajikaza nikauliza, "Baba, ulijua kuwa waya haukuingia?"

"Mwanzo sikujua. Baadaye niliona gari linakata kona kabla sijafanya lolote."

"Sasa mbona uliendelea?"

Alifikiri. "Ukikaa kando ya dereva mwingine, mguu wako bado unatafuta breki. Nilikuwa nikikaa tu hivyo." Halafu akasema, "Ni makosa?"

Baba hakuwa amewahi kuniuliza swali la namna ile. Nilisema si makosa, kisha nikasema sijui.

Alijifunza polepole. Alifika kona ya tatu, siku nyingine ya nne, akishangilia kuliko alipokuwa akishinda raundi zote. Kaka alirudi kukaa naye, akimwelekeza, naye akimbishia kuhusu gia.

Miezi michache baadaye mfanyabiashara wa mifugo alimchukua aendeshe lori lake kati ya Bangale na Hola. Aliondoka asubuhi na shati lile lile. Ijumaa alipokuja alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alituomba tumwekee magari, akashika rimoti, na kabla mchezo haujaanza alikuwa amelala pale pale kwenye kiti. Mimi na kaka tulitazamana. Hatukujua tuzime au tumsubiri, basi tukakaa, kila mmoja upande wake, magari yakienda yenyewe.