Karani wa Posta na Mkwe Wake Nyuma ya Ukuta

Katika ile nchi mpya ya Katanga, kama kulikuwa na mtu aliyelipwa mshahara kwa kupiga miayo, basi alikuwa Casimir Kapya, karani wa posta pale Élisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga, barua za Léopoldville hazikuja tena, na za kwenda huko hazikuwa na njia. Casimir alikaa nyuma ya dirisha lake, mihuri yake imepangwa vizuri, hana cha kugonga. Nyuma yake yalilala marundo ya fomu za zamani zenye jina la Congo Belge, yaani Kongo ya Wabelgiji, juu, ambazo hakuna aliyethubutu kuzitumia wala kuzitupa. Upande wa pili zilikuwa nyeupe safi. Sasa mtu amesoma kwa mapadri, ana kalamu, ana karatasi, kazi hana: ulitegemea nini? Akaanza kuandika hadithi.

Angeandika habari za maua, asingemsumbua mtu. Lakini wapi! Aliandika juu ya mama mkwe wake.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana wengine mnakula na wakwe zenu meza moja na kugombania paja la kuku, mkadhani dunia nzima ni hivyo. Kwa watu wa Kambove wa wakati ule, bukwe ilikuwa heshima yenye meno. Mwanaume na mama wa mke wake hawakuangaliana usoni, hawakula pamoja, hawakuitana majina, hawakusemezana. Ukimwona mkwe anakuja njiani, unaingia majanini, hata kama umevaa suti. Na Mama Chomba, mama yake Albertine, alikuwa akikaa nyumba moja na Casimir kule mtaa wa Ruashi tangu vita vya Desemba, askari wa Umoja wa Mataifa walipopigana na wa Katanga, katika vyumba viwili ambavyo ukuta wake wa katikati haukufika kwenye bati. Ukikohoa huku, kule wanakupa pole.

Walipotaka kuambiana neno, walisema na vitu. Mama Chomba alikuwa na mbabula yake, lile jiko la makaa la bati lenye matundu, na hiyo ndiyo iliyobeba ujumbe wake wote. Asubuhi aliiambia mbabula, akiupa mlango wa Casimir mgongo, kwamba kuna watu wanang'arisha viatu huku makaa yameisha. Casimir naye alijibu kwa mpapai wa uani. Majirani walikwisha kuzoea.

Kwenye zile fomu Mama Chomba aligeuka kuwa mjane wa Kipushi, mwenye mdomo kushinda redio. Mjane huyo alimfukuza sokoni askari mmoja mgeni kwa mwiko, eti amebonyeza nyanya zake na hakununua. Siku ya Pasaka alianguka mferejini na kitenge kipya, akautukana mfereji mpaka watu wa misa ya pili walipotoka. Jumapili alasiri Casimir alimsomea mke wake kwa sauti ya chini, na Albertine alicheka huku ameuma ncha ya kitambaa asisikike.

Ulikuwepo ukurasa mmoja tu ambao Albertine hakucheka. Ule ulihusu Desemba yenyewe. Mizinga ilipoanza kulia, Albertine alikuwa kitandani na homa, hawezi kuinua kichwa. Casimir, bwana mwenye nyumba, mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa chini ya kile kitanda na kaptula ya kulalia, analia na kumwita mama yake aliyekufa zamani. Mlango ukafunguka, akaona miguu miwili imejaa vumbi. Mama Chomba alikuwa amesikia huko Kambove kwamba mtoto wake ni mgonjwa. Alipanda lori, lori likaogopa likamwacha njiani, akamalizia kwa miguu na unga kichwani, akipita vizuizi vya askari wa kila rangi. Aliutua unga, akamfunika mtoto wake, akawasha moto. Na kwa kuwa mkwe haangaliwi, hakuangalia chini ya kitanda. Wala hakumwambia mtu yeyote habari ile ila Albertine, mpaka watu wakadhani alishushwa na gari mlangoni. Casimir aliandika yote kama yalivyokuwa, kwa sababu yalimkaa kifuani na hayakutoka kwa njia nyingine.

Mambo yangebaki ndani ya nyumba, kama si Stanislas wa dirisha la vifurushi. Siku moja Casimir ametoka kidogo, Stanislas akachukua karatasi tatu juu ya meza, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Na Stanislas ndiye aliyekuwa akitengeneza sikukuu ya parokia: kwaya, kinanda, kisha mambo ya kuchekesha. Hakuomba ruhusa. Casimir alikuja kuona jina lake limebandikwa kwenye mlango wa kanisa, kwa herufi kubwa, kwamba Jumapili atasoma vituko vya mjane wa Kipushi.

Alitaka, jamani, nisimsingizie, alitaka sana. Tangu aanze kuandika alikuwa na hamu moja, asikie akicheka mtu ambaye hakumwoa. Lakini Mama Chomba akijitambua mle, bukwe imeharibika. Atabeba sufuria zake arudi Kambove, na Albertine alikwisha kusema wazi kwamba mama yake akienda, yeye atamsindikiza na hajui atarudi lini. Dawa ilikuwa kumwomba mwenyewe ruhusa. Sasa utamwombaje mtu ambaye huruhusiwi kumsemesha? Casimir akambembeleza mke wake alipeleke lile swali, na Albertine akakataa katakata.

"Weye njo uliandika," alimwambia, kwa Kiswahili cha kwao ambacho njo ni ndiye. "Beba mwenyewe."

Basi Jumamosi asubuhi Casimir alikwenda kusimama mbele ya mpapai. Mama Chomba alikuwa akipepea moto upande wa pili wa uani, mgongo kwake, kama inavyotakiwa. Casimir akauuliza mpapai hivi, mtu akiandika habari za mwanamke fulani, na huyo mwanamke yuko karibu, je, anaweza kuzisoma mbele ya watu?

Upepeo ukasimama. Honorine, jirani wa upande wa kushoto, akaacha kutwanga ili asikie vizuri.

"Weye mbabula," akasema Mama Chomba, "ule mwanamuke hakuanguka mu mufereji. Mufereji njo ulibomoka."

Kumbe! Kumbe miezi yote ile, Jumapili kwa Jumapili, yeye na mkewe wakinong'ona kama wezi, mama wa watu alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta akisikia kila kitu. Na hakuwa amemaliza. Aliiambia mbabula kwamba yule askari hakukimbia mwiko, mwiko haukuwepo, alikimbia mkono mtupu, na mwandishi akitaka kuandika aandike sawasawa. Casimir, akishikilia mpapai asianguke, akauuliza kama yule mwanamke basi amekasirika. Mama Chomba akaiambia mbabula kwamba yeye hana habari. Yule ni wa Kipushi, na yeye ni wa Kambove, watakutana wapi? Akaongeza kwamba kesho atavaa kitenge kipya. Honorine akarudia kutwanga.

Casimir aliichukua ile kuwa ruhusa. Akaingia ndani amefurahi, akapanga karatasi zake, akatoa mle ukurasa wa kitanda na kuukunja mfukoni. Alimwambia Albertine kwamba hadithi imekuwa ndefu. Albertine alimwangalia tu. Na tazama basi ujanja wa waandishi! Mkwe wake atangazwe mferejini mbele ya parokia nzima, hiyo ni sanaa. Yeye mwenyewe chini ya kitanda na kaptula, a-a, hadithi imekuwa ndefu.

Jumapili ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Mama Chomba alikaa mstari wa mbele kabisa, lakini kwanza alikigeuza kiti chake, akaupa jukwaa mgongo na uso akawapa watu. Stanislas alijaribu kumrekebisha, akaambiwa mkwe haangaliwi, akarudi alikotoka. Kwa hiyo ukumbi mzima ulimwona Casimir akisoma juu, na chini yake ukauona uso wa Mama Chomba. Casimir aliona kilemba tu. Alipofika kwenye nyanya, ule uso ulikunjamana, watu wakacheka. Alipofika kwenye mfereji, Mama Chomba alitikisa kichwa kukataa, taratibu, akaonyesha kwa mikono jinsi ukingo unavyobomoka, na watu wakaanguka juu ya mabega ya wenzao. Maskini Casimir alidhani ni kalamu yake. Alisoma kwa madaha, akapumzika penye kicheko, akainua mkono kama padri wa mahubiri makubwa. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Alipomaliza walipiga makofi mpaka vumbi likashuka kwenye paa, naye akainama mara mbili.

Ndipo Mama Chomba aliposimama. Makofi yakafa moja moja. Hakugeuka, alisema akiwaangalia watu.

"Casimir."

Alimwita kwa jina. Mama mkwe, mbele ya watu, kwa jina! Nyuma ukumbini mzee mmoja akavua kofia.

"Kuko page moya uliacha," alisema. "Ile ya kitanda. Miye nilikuya na miguu, na bunga ku kichwa, na mizinga inalia, na hakuna muntu hapa anajua. Soma ile."

Casimir alimtafuta Albertine kwa macho, akamwona anamwangalia vilevile kama jana. Mkono wenyewe ukaingia mfukoni. Akaukunjua ukurasa, akaanza, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu anayeungama. Alipofika kwenye kaptula, ukumbi ulilipuka kwa kicheko kikubwa kuliko cha mfereji na nyanya pamoja. Stanislas alipiga meza, masista wakafunika nyuso. Casimir alingoja kitulie, akaendelea. Akafika kwenye ile miguu yenye vumbi. Akasoma lori, akasoma vizuizi, akasoma unga kutuliwa chini na moto kuwashwa, na hapakuwa na mtu aliyekohoa. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, naye hakuyangoja.

Mama Chomba akashika kiti chake, akakigeuza, akakaa uso kwa uso na mkwe wake. Akamwambia asome tena tangu mwanzo, polepole, kwa sababu watu wa nyuma hawakusikia.