Miti Yangu ya Mabanga

Wiki hii nzima nazunguka njia ya mbali kwenda sokoni, na sababu ni hii. Mimi ni mwalimu, nimezaliwa mjini, jembe nalishika siku ya salongo tu, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Tena ndimi niliyejitolea kuwafundisha vijana wa mtaa wetu wa Mabanga kumwandikia shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, atupatie kile kiwanja kilichogeuka jalala, tupande miti.

Mama Shefu alikubali kwa majaribio: miti ikishika, kiwanja ni chetu. Nikaenda sokoni Birere mwenyewe, nikamwambia muuzaji anipe miche inayokua haraka. Vijana, watoto wa wakulima wa Masisi na Butembo, walipoiona wakatazamana. Nikadhani wameguswa. Yalipotoka maua ya zambarau, nikawaeleza kwamba miti ya kisasa inawahi kuchanua.

Tukiandika ripoti, katibu wetu Furaha aliuliza polepole, "Papa Mwalimu, si tuandike 'mimea' tu?" Nikafuta neno "miti", nikaliandika upya kwa herufi kubwa, nikawapa somo refu la kujiamini.

Jumamosi Mama Shefu alikuja kukagua, majirani nyuma yake. Nilikuwa nahutubia juu ya kivuli watakachopumzikia wajukuu wetu alipoinama, akafunua majani, akachuma biringanya.

Nikamgeukia Furaha. "Mulijua?"

"Toka siku ya kwanza, Papa. Lakini ulikuwa unafurahi sana."

Mama Shefu akatia sahihi karatasi yetu. "Jalala limekwisha, kiwanja ni chenu," alisema. "Sasa, Papa Mwalimu, huu muti wako tunaupika na nyanya ao bila nyanya?"