Kugusa kwa Mdomo Tu

Mwaka wangu wa pili chuoni, hapa Eldoret, nilichaguliwa mwenyekiti wa klabu ya shughuli za wanafunzi wa kigeni. Cheo kilikuwa kikubwa kwa maneno. Kwa vitendo, mimi ndiye niliyewapeleka mjini kununua blanketi kila walipofika, maana walikuja na fulana wakiamini Afrika nzima ni jua, na usiku wa kwanza tu baridi yetu ikawatia adabu. Niliwaandalia voliboli, jioni za filamu, na Jumamosi moja kila mwezi, ziara. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kadi ya klabu niliivaa shingoni hata kanisani.

Nilikuwa na tamaa, na ni heri niiseme mapema. Kila mwaka chuo kilimpeleka mmoja wetu ng'ambo kusoma muhula mmoja, na aliyewatunza wageni vizuri ndiye aliyefikiriwa kwanza. Sasa, ziara moja ilikuwa imeniharibikia: tulikula nyama choma, Mmarekani mmoja akaharisha siku tatu. Mlezi wa klabu, mwalimu mpole asiyependa kelele, aliniita ofisini.

"Next time uchunge sana chenye wanakula," aliniambia. "Ikirudia tena, hiyo nafasi yako sijui kama nitaitetea."

Ziara iliyofuata ilikuwa kwa nyanya yangu, mzaa mama, kando ya njia ya kwenda mji mdogo uitwao Ziwa. Nilikuwa nimemwomba mwezi mzima kabla, naye akakubali nikiwa sijamaliza sentensi. Aliniambia atatayarisha mursik.

Mursik ni maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti maalum, yakaganda, yakawa ya kijivu na vidoa vyeusi. Ndiyo wanayonyweshwa wakimbiaji wetu wakirudi na medali. Kwetu mtu akikumiminia mursik amekuhesabu kuwa wake, nawe unakunywa. Nyanya alikuwa na kibuyu kimoja alichokitunza kuliko macho yake. Hata kwa harusi ya mjomba alikitoa kwa shingo upande. Kwa ajili ya wageni wangu alikitoa bila kuombwa.

Ningependa kuandika kwamba niliogopea matumbo ya wageni tu. Nitakuwa nadanganya tena. Niliogopa nyuso zao. Nilimwona mapema akilini msichana mmoja wa Kijerumani kati yao akikunja pua, akipiga picha ya vidoa vya makaa, akiwatumia wenzake wacheke. Niliona haya kwa sababu ya maziwa yaliyonikuza. Nikilikumbuka hilo, mpaka sasa masikio yangu hupata moto.

Basi la chuo lilipoacha lami nilisimama mbele, nikawaambia kwa Kiingereza changu bora: "Mtapewa maziwa. Mila yetu ni kupokea kikombe kwa mikono miwili, kukigusa kwa mdomo tu, kutabasamu, kisha kumrudishia mwenyeji. Kunywa ni ulafi." Nilitunga mila nzima kabla basi halijafika langoni. Wakaiandika kwenye simu zao. Mmoja tu, msichana kutoka Malawi, hakusikia. Alikuwa kiti cha nyuma, amelala fofofo. Tulipofika tukamwacha amalize usingizi wake.

Nyanya alikuwa amevaa gauni la kanisa. Alitoa vile vikombe vya kabatini, vya kuangaliwa tu, akamimina mwenyewe mpaka juu. Wageni wakatii kama askari. Mikono miwili, mdomo, tabasamu, rudisha. Nyanya alipokea kikombe cha kwanza kikiwa kimejaa, akadhani ni cha mtu mmoja mgumu. Akapokea cha pili. Cha sita kilipomrudia aliviweka vyote mezani, akaingia jikoni na kibuyu. Nikamfuata.

Nilimkuta amemimina kidogo kiganjani, anaonja. Akanusa mdomo wa kibuyu. Akaonja tena.

"Mimi sioni kasoro," alisema kwa lugha yetu. "Lakini nimezeeka, labda ulimi umekufa. Mwezi mzima ulinipa, na bado nimekuaibisha mbele ya watu wako."

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa hapo. Tulikuwa wawili, mlango umerudishwa, na yeye ananitazama. Nikasema, "Hawajazoea tu, kogo." Kogo ndivyo tunavyoita nyanya.

Hakutulia. Alirudi sebuleni, akasimama mbele ya wageni, akashikanisha mikono yake. "Waambie wanisamehe," alisema. "Waambie zamani nilijua, ni mkono umezeeka."

Nikawageukia, nikawaambia kwa Kiingereza kwamba nyanya amefurahi mno kwa heshima waliyompa. Wakampigia makofi. Alisimama katikati ya makofi hayo akitutazama mmoja mmoja, asijue anashangiliwa nini.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia yule wa Malawi, anafikicha macho. Alimwona nyanya, akapiga magoti kumwamkia, kisha akaona vikombe mezani. Hakuuliza mtu. Alichukua kimoja, akakinywa mpaka tone la mwisho, akabaki na masharubu ya kijivu.

"Kama ya bibi yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha muhula mmoja. "Naomba tena, Mama."

Sijui nieleze vipi uso wa nyanya. Aliinua kibuyu kwa mikono yote miwili. Lakini yule Mjerumani, roho safi kabisa, hakutaka mwenzake akosee ugenini. Alimgusa bega, akasema polepole, kila neno likisikika, jinsi walivyofundishwa darasani: "Hapana, rafiki. Kunywa ni ulafi. Mila ni kugusa kwa mdomo tu. Mwenyekiti ametufundisha sisi."

Nyanya ameuza maziwa na mayai soko la Ziwa miaka mingi kuliko umri wangu. Kiswahili anakijua.

"Mila ya nani hiyo?" aliuliza.

Mjerumani akaninyooshea mkono, anatabasamu, anadhani ananisifu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikumaliza saa moja. Nyanya hakupaza sauti. Alimjazia yule wa Malawi kikombe cha pili. Wale wengine nao walikuwa wameshaelewa, kwa macho tu. Mmoja mmoja walichukua vikombe vyao wakanywa, na Mjerumani alikunja pua kweli, kama nilivyoogopa, halafu akamaliza na kuomba aelezwe kibuyu husafishwa vipi. Nyanya alimweleza yeye mwenyewe. Hakuhitaji tena mkalimani.

Aliponifikia mimi, aliweka kibuyu chini. Alifungua kabati, akatoa soda, akaifungua, akaimimina kwenye glasi. Akanipa kwa mikono miwili, jinsi anavyompa afisa wa serikali aliyepita kwake.

"Karibu, mgeni," aliniambia.

Alisema kwa Kiswahili. Tangu nizaliwe, nyanya hakuwahi kunisemesha kwa Kiswahili. Nilikunywa soda ile wenzangu wakinywa maziwa ya kwetu, na hakuna aliyeniangalia.

Hakuna mgeni aliyeugua. Mlezi aliandika ripoti nzuri, na nafasi ya ng'ambo nikaipata. Wiki moja kabla ya kusafiri nilirudi kwa nyanya peke yangu, nikampata anachambua maharagwe. Nilipiga magoti pale sakafuni nikamweleza yote, basi, ile mila, yale makofi, nikamwomba msamaha kwa lugha yetu. Alinishika kichwa, akanifuta machozi kwa leso yake. Kisha akanijibu kwa Kiswahili kwamba yamekwisha.