Salamu ya Kiswisi

Msiniambie yaliyopita si ndwele. Hapa kijijini kwetu Ruanda watu wamelizoea hilo neno, wanalitoa hata jambo halijapoa, hasa wale walionufaika nalo. Mimi Ruti binti Enoka nina hasira na nitaisema, na anayekereka akachambue kahawa yake.

Habari yenyewe ni ya wifi yangu Atuganile, mke wa kaka yangu Lusubilo. Ni Mndali, alitolewa milima ya Ileje akaletwa hapa kwetu Mbozi na begi moja na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyemwuliza. Kaka yuko Tunduma, anapakia na kupakua malori yanayovuka kwenda Zambia, nyumbani tunamwona mara moja kwa mwezi. Mimi niliachika nikarudi kwa baba. Kwa hiyo ua ni mmoja, jiko ni moja, na miaka kumi na moja sasa tunapika pamoja, tunagombana pamoja, tunawasengenya watu pamoja. Dada wa tumbo moja sina. Nilikuwa naye yeye.

Kazi yake ni vichanjani. Kahawa ya kikundi chetu ikishamenywa na kuoshwa, inaanikwa juu ya vichanja vya wavu, na lazima mtu aigeuze, aichambue, aifunike jua likizidi, aifunike tena mawingu yakija. Wengine tunafanya huku tunapiga soga. Atuganile anafanya kama anaogesha mtoto mchanga. Punje yenye tundu la mdudu haimpiti. Mwaka juzi walikuja wanunuzi kutoka Uswisi, wakaionja, wakauliza, nani anaikausha hii? Mwaka huu ikaja barua kwamba wanamwalika mwanamke mmoja wa vichanjani aende kwao siku kumi, gharama zote juu yao. Kikundi kikamtaja Atuganile na hakuna aliyepinga. Angepinga kwa lipi?

Jioni ile tulikuwa tunamenya ndizi. Akaacha kisu, akaniambia, "Wifi, unajua hapa sijawahi kuchaguliwa kitu? Hata kwaya nilijiunga mwenyewe."

"Sasa si umechaguliwa? Kazi kwako, mama Ulaya."

"Usinicheke. Mimi hapa ni mke wa Lusubilo tu. Nataka niwaone hao wanaoinywa. Nataka niwaambie, hii ni mikono yangu." Akaninyooshea viganja vyenyewe, vina utomvu wa ndizi.

Katibu wa kikundi ni Damiano. Huyu alisoma na kaka yangu na ndiye aliyekuwa msimamizi wao siku ya ndoa kanisani, kwa hiyo yeye na Atuganile ni shemeji na shemeji. Wiki iliyofuata akaleta kijitabu cha kurasa arobaini, Kiingereza kitupu, kinaeleza maisha na desturi za Waswisi. Wenyeji ndio waliokituma. "Soma, shemeji," akasema. "Usije ukatuaibisha huko."

Alisoma! Aliazima kamusi kwa mwalimu, akanunua daftari, akawa anatafsiri ukurasa mmoja kila siku. Asubuhi tukisimama vichanjani anatusomea alichoandika, sisi tunachambua na kucheka. Kwamba huko Jumapili hufui nguo wala hupigi kelele, jirani atakushitaki. Mama Mbonile akasema hao ni Wasabato waliokosea siku. Kwamba chupa tupu zinatupwa kwa rangi, za kijani kwao na za kahawia kwao. Kwamba ukiambiwa saa nne, saa nne kasoro dakika tano uwe umeshafika. Kwamba jibini inayeyushwa kwenye sufuria moja katikati ya meza na kila mtu anachovya mkate wake. Kwamba ziko sehemu wananchi wanakusanyika uwanjani na kupiga kura kwa kunyoosha mikono, mbele ya kila mtu. "Kumbe na wao wana mkutano wa hadhara!" tukasema. Marafiki wanabusiana shavuni mara tatu. Mara tatu! Na mume wa mtu? Mama Mbonile alikaa chini kwa kicheko.

Na mtu usiyemfahamu unampa mkono, unaushika sawasawa, unamtazama machoni. Ukitazama chini anadhani kuna kitu unamficha.

Hapo kicheko kikaisha, maana hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Sisi mwanamke aliyelelewa hamkodolei macho mtu mzima. Kwa baba mkwe ndiyo kabisa. Mkamwana hampi mkono baba mkwe wake, hamtazami usoni, anapiga magoti pembeni, anasalimia akitazama chini, anaondoka. Atuganile ameishi na baba yangu miaka yote hiyo na sidhani kama anajua macho ya mzee yana rangi gani.

Damiano akawa anakuja kila Alhamisi kumpima. Anasimama uani, anavuta tumbo ndani. "Mimi ni Mswisi. Nisalimie." Atuganile anatoa mkono, macho yanaanguka. "Tena." Yanaanguka. Akishaondoka tunaendelea sisi wawili jikoni, mimi nikiwa Mswisi na mwiko mkononi. Ilichukua wiki sita. Akaweza kwangu, akaweza kwa mwalimu, akaweza kwa mchungaji. Damiano akasema, "Bado una woga, shemeji. Dawa yake ni kusalimia mbele za watu."

Wifi yangu akamshukuru. Haki ya Mungu, alimshukuru, akamfungia na parachichi.

Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi, ndani ya ghala. Mwenyekiti wetu ni baba yangu, Mzee Enoka, kwa hiyo siku zote Atuganile anakaa nyuma kabisa. Damiano akasimama akasema mjumbe wetu aje mbele atuonyeshe alichosoma. Akaenda. Akasoma ya Jumapili, ya chupa, ya saa, watu wakampigia makofi. Nilijisikia fahari utadhani nimemzaa mimi.

"Na salamu?" Damiano akasema. "Leo mwenyekiti ndiye mwenyeji wako. Yeye ndiye Mswisi mkubwa. Msalimie."

Atuganile akamtazama Damiano, na mimi niliuona uso wake, ulikuwa unamwomba. Damiano akatabasamu. "Ni mazoezi, shemeji. Hapa wote tunajua ni mazoezi."

Akamwamini. Mtu aliyekusimamia ndoa utaachaje kumwamini? Akavuka ile nafasi, akatoa mkono, akainua macho, akamtazama baba mkwe wake usoni, akatamka salamu kama kijitabu kilivyoandika. Baba hakuupokea mkono. Midomo ikaanza kumtetemeka, akageuza uso ukutani. Ule mkono ukabaki hewani. Wazee wa mbele wakasema, "Loo!"

Damiano akangoja watu wagune vya kutosha, ndipo akavaa sura ya msiba. "Ndugu wanachama, mimi jambo hili limenishtua. Hata ndege hajaiona, ameshamkodolea baba mkwe macho. Akirudi je? Tunampeleka mtu atuwakilishe au atuvunjie heshima?" Nilidhani anatania. Nikangoja acheke. Hakucheka. Akasema bahati nzuri yuko Rozi, mdogo wake yeye mwenyewe, anayeandika mahudhurio ofisini, binti mwenye adabu. "Tupige kura kama Waswisi wenyewe. Mikono juu."

Mikono ikapanda. Atuganile alikuwa bado amesimama pale mbele, sasa anatazama sakafu, na hakuinua kichwa mpaka watu walipoanza kutoka.

Sasa sikilizeni uovu ulivyo. Rozi hajawahi kutoa punje moja mbovu kwenye kichanja, kahawa anaijua ya kwenye kikombe tu. Na pasi yake ya kusafiria ilikuwa ndani ya begi la Damiano siku ileile. Niliishika kwa mikono yangu ikipitishwa mezani, nikasoma tarehe. Ilitolewa wiki moja kabla kijitabu hakijafika kwetu. Kwa hiyo Alhamisi zote zile, "mimi ni Mswisi, tena, tena," mwenzake alikuwa anamchimbia shimo na kumkumbusha asichelewe kutumbukia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Atuganile alimpigia simu mumewe Tunduma. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilisikia. Kaka hakuuliza habari za Damiano, hakuuliza habari za safari. Aliuliza, "Kwani ni kweli ulimpa mkono baba?" Atuganile akasema ndiyo. Kaka akasema yuko kazini.

Jumatatu Damiano akaja, bila aibu, kuomba daftari. Eti Kiingereza cha kijitabu kinamshinda Rozi. Niliinuka na mchi. Atuganile akanishika bega, akaingia ndani, akalitoa. "Mpe," akasema. "Kahawa ni yetu sote. Asiende kutupa chupa ovyo." Damiano akasema Mungu akubariki. Thubutu! Mungu gani anabariki kwa kinywa kile?

Rozi alikwenda. Picha zikaingia kwenye kundi la wanachama la simu, Rozi na mlima wenye theluji, Rozi na jibini, Rozi ameshika kikombe katikati ya wazungu wawili wanaocheka. Chini ya hiyo ya kikombe akaandika: "Wameuliza nani anaikausha, nimewaambia ni mimi." Watu wakajaza alama za makofi.

Asubuhi yake tulikuwa vichanjani wawili tu. Mimi nikawasha moto. Nikamtukana Damiano, nikamtukana Rozi, nikamlaani kila aliyenyoosha mkono ghalani, mmoja mmoja kwa jina, nikasema watu gani hawa wasio na utu. Mwezi mzima nilikuwa nasema hivyo. Atuganile anachambua tu. Mwisho akasema, taratibu kabisa, "Siku ile nilikuwa natazama chini. Sikuona nani alinyoosha. Wewe ulinyoosha?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa mdomoni tayari.

"Nilinyoosha," nikasema.

"Ulijua ni mazoezi."

"Nilijua."

"Tulifanya wote jikoni."

"Baba alikuwa anatetemeka, Atu. Mbele ya watu wote wale. Wakawa wananitazama mimi, kwamba huyu ndiye anayeishi naye, huyu ndiye aliyemwachia. Ni baba yangu."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Nililia, nikamwomba msamaha, nikamwambia nitasimama mkutano ujao niseme ukweli mbele ya wote. Akasema fanya utakavyo. Kisha akavuta turubai, tukaifunika kahawa, yeye upande ule na mimi upande huu, maana jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Bado tunakaa ua mmoja na jiko ni lilelile. Tunajuliana hali kila asubuhi, hajaninunia hata siku moja, nikimwomba chumvi ananipa. Lakini haniiti wifi tena. Ananiita Ruti, kama wanavyoniita watu wa dukani.