Sebule ya Ibighi

Mtu yule aliingia ofisini kwangu Makandana asubuhi ya mvua, akatandaza ramani ya nyumba yake juu ya mashine ya fotokopi na kuikandamiza kwa viganja ili isijikunje. Alikuwa mfanyabiashara wa ndizi. Serikali ilipowaachia watu biashara alianza na baiskeli, akaja kuwa na pikapu, na sasa alikuwa na lori lililopakia Kiwira na kushusha Dar es Salaam. Kiwanja chake kilikuwa Ibighi. Msingi ulikuwa umeshatoka ardhini.

"Nasikia wewe unapiga picha nyumba ambayo haijajengwa."

"Siipigi, kaka. Naitengeneza kwenye kompyuta."

"Lakini mtu akiiona ataona ni picha?"

"Ataona ni picha."

"Basi nitengenezee sebule. Mke wangu amechoka kuangalia mawe."

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, nilikofanya kazi kwa wachoraji wa majengo, kwa sababu mama yangu alikuwa anaumwa na hakuwa na mtu mwingine wa kumwangalia. Tukuyu niliishi kwa kuchapa barua za maombi ya kazi na kutoa fotokopi. Kazi niliyoipenda ilikuja kwa nadra. Unajenga chumba ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, unaweka jua nje ya dirisha, halafu unaiacha mashine ihesabu mwanga utakavyogonga sakafu, utakavyorudi darini na utakavyofifia kwenye pembe. Kule Dar tulikuwa tunasema picha inapikwa. Kompyuta yangu ilikuwa imeshatumiwa na watu wa ng'ambo kabla ya kunifikia, kwa hiyo sebule moja iliweza kupikwa kutwa nzima, na umeme ukikatika tunaanza upya.

Alikaa pembeni yangu siku kadhaa akiniambia anachotaka. Dirisha kubwa lielekee mlima Rungwe. Vigae vya sakafu ving'ae. Pazia jeupe liinuliwe kidogo na upepo. Nyuma ya makochi kulikuwa na mlango wa kwenda vyumbani, akasema nisiufunge kabisa, maana nyumba iliyofungwa milango yote inakuwa kama ofisi.

"Sasa mbona hakuna mtu?" aliuliza.

"Watu ni vigumu, kaka. Mtu wa kompyuta anatoka kama maiti."

Alifikiri. Kisha akavua koti lake, koti la kahawia la mtumba lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, akalitundika kwenye mgongo wa kiti changu.

"Weka hili. Mtu ajue mwenye nyumba ameingia sasa hivi, yuko huko ndani ananawa."

Nililipiga picha pale kwenye mwanga wa dirisha, nikalikata na kuacha vilivyokuwa nyuma yake, nikalipachika kwenye kiti cha sebule. Picha ilipoiva niliitazama kwa muda mrefu. Kila kitu kilikuwa sawa. Kivuli cha koti kilianguka kwenye vigae vizuri kuliko kivuli changu mwenyewe pale ofisini. Hata hivyo nilipoichapa na kumkabidhi nilifurahi kwamba imetoka mezani kwangu.

Aliiweka kwenye fremu, akampelekea mkewe. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, lori lilipinduka kwenye mteremko. Dereva alipona. Yeye alikuwa amekaa upande wa pili.

Nilikwenda kuzika kama watu wengine wa mjini. Walimzika na koti lake. Lilisalimika kwenye ajali kwa sababu alikuwa ameliacha nyumbani siku ile.

Baada ya matanga, mjane alikuja ofisini. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

"Dada, naomba uje nyumbani na mashine yako."

"Kuna nini?"

"Ndugu wa marehemu wanasema nimeficha nyumba."

Sikumwelewa, akanieleza. Walipokaa kuzungumzia mali, shemeji yake mkubwa aliiona ile picha ukutani. Makochi, vigae, taa za darini. Akauliza nyumba hii iko wapi. Mjane akasema haiko popote. Shemeji akasema picha hupigwa kitu kilichopo. Tangu hapo hawakutaka kumsikiliza. Wengine walisema iko Mbeya, wengine Dar, na kwamba humo ndani kuna mwanamke mwingine, au kuna fedha.

Tuliifunga kompyuta kwa blanketi na nailoni, tukaipandisha kwenye pikapu ya jirani, nami nikaipakata skrini mapajani. Mchana ule ukungu ulishuka hadi kwenye migomba. Katika nyumba aliyopanga marehemu, ukoo ulikuwa umekaa kwenye mabenchi ukutani. Mama wa marehemu alikuwa chini, kwenye mkeka, amenyoosha miguu.

Shemeji mkubwa aliteremsha fremu na kunisogezea usoni.

"Wewe ndiye uliyepiga?"

"Niliitengeneza, baba. Chumba hiki hakipo."

"Hakipo." Aliweka kidole kwenye kiti. "Na koti hili? Koti hili nimemvisha mimi, kwa mikono hii, siku ya kumlaza. Unataka kuniambia na lenyewe halipo?"

Niliunganisha nyaya, nikawasha, nikaifungua kazi yenyewe. Sebule ilitokea bila mwanga wake, ya kijivu, kama chumba baada ya jua kuzama. Nikaanza kuondoa vitu kimoja kimoja. Pazia likatoweka. Makochi yakatoweka. Niliponyanyua dari, shangazi mmoja alishika kichwa na kusema, "Jamani, anaibomoa!" Mjane akainuka, akatoka nje.

Kikabaki kiti na koti. Nikazungusha chumba taratibu ili waone. Koti lilikuwa picha bapa, nyembamba kuliko karatasi, na kadiri nilivyozungusha lilizidi kusinyaa mpaka likawa uzi, halafu hapakuwa na kitu. Kiti kilibaki peke yake. Shemeji mkubwa alivuta pumzi kwa nguvu. Aliirudisha fremu kwenye msumari wake, akaenda kusimama barazani, mgongo kwetu.

Nilidhani yamekwisha. Nikarudisha kuta na dari, kwa adabu tu, maana sikutaka kukiacha chumba kikiwa kimevunjwa mbele ya wafiwa. Ndipo mama wa marehemu akajivuta kwenye mkeka mpaka karibu na skrini.

"Mjukuu wangu. Nyuma ya mulango huo kuna nini?"

"Hakuna kitu, bibi. Sikujenga huko."

"Mbona uko wazi?"

"Marehemu alitaka uwe wazi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. "Basi tuingie."

Katika kazi hii hatujengi kisichoonekana. Nyuma ya mlango huwa hakuna sakafu wala ukuta, ni weusi tu. Nilimweleza hivyo. Alisubiri nimalize, kisha akaunyooshea mlango mkono. Nikausogelea kwenye skrini, nikapita kati ya ubao wa mlango na fremu yake, na skrini yote ikawa nyeusi.

Bibi akainamisha kichwa. Akasema, "Ugonile."

Ni salamu ya kwetu ya kila siku. Aliitoa kama anavyoitoa mtu aliyesimama mlangoni kwa jirani, kisha akasubiri aitikiwe. Shemeji mkubwa kule barazani aligeuka. Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati. Nilijua vizuri kuliko yeyote mle ndani kwamba hapakuwa na chochote cha kuitikia, na bado mkono wangu haukuthubutu kugusa kitu mpaka bibi aliposema, taratibu, "Ndaga," neno letu la shukrani, akanipa ruhusa ya kutoka.

Ukoo haukumsumbua mjane tena. Kiwanja kilibaki chake na watoto. Shemeji mkubwa mwenyewe ndiye aliyempelekea mafundi, wakapandisha vyumba viwili vya tofali za kuchoma juu ya sehemu ya ule msingi, na sehemu iliyobaki wakapanda magimbi.

Mimi kazi yangu ilianza kuwa nzito. Kila nilipochora mlango nilijikuta najenga na kilicho nyuma yake: ukumbi mdogo, kiti, taa ya ukutani. Mteja mmoja wa Mbeya alilalamika kwamba namchelewesha. Sikuweza kumweleza kwamba mashine yangu inapika chumba ambacho hatakiona kamwe.

Bibi naye alianza kuja. Siku zake za kliniki ya presha hospitalini Makandana alipitia kwangu, akaketi, akasema, "Nifungulie." Namfungulia. Namwingiza. Anasalimia, anakaa na ule weusi kidogo, anaaga. Wakati mwingine aliongea Kinyakyusa kwa sauti ya chini, habari za mashamba na za wajukuu, nami nikajifanya napanga karatasi.

Kisha radi ikapiga waya wa umeme mchana mmoja, ikaichoma kompyuta pamoja na kila kilichokuwa ndani. Fundi aliifungua, akanusa, akaifunga. Siku ya kliniki ilipofika nilikaa mlangoni nikimsubiri bibi ili asisikie kwa mtu mwingine.

"Radi imeichukua, bibi. Chumba hakipo tena."

"Chote?"

"Chote. Imebaki ile picha ya ukutani."

"Ile haifunguki," alisema.

Akavua viatu vyake vya plastiki, akaviweka pembeni ya mlango. Aliingia, akatafuta nafasi sakafuni kati ya meza na maboksi ya karatasi, akaketi chini na kunyoosha miguu. Kisha akapigapiga sakafu kando yake, akaniambia nami nikae. Nilifunga mlango wa ofisi, nikakaa. Tukakaa hivyo, kama alivyozoea kukaa na ule weusi. Wateja waligonga, wakaondoka.