Bodi Tatu na Mkia wa Ng'ombe

Mama yangu alipoteza uwezo wa kusikia pole pole, na sisi watoto wake tulichelewa kutambua kwa sababu alikuwa hodari wa kusoma midomo. Kilichotufungua macho ni ndama. Ng'ombe wake alizaa mchana, mama akiwa jikoni, hatua chache tu kutoka zizini. Alipotoka kumwaga maji akamkuta ndama amekufa, nusu yake bado imenasa ndani. Majirani wa ng'ambo ya mto walikuwa wamesikia ng'ombe akilia. Yeye hakusikia kitu.

Kaka yangu mkubwa alikuja nyumbani kwa mama, Manyatta, wikendi hiyo, uamuzi wake ukiwa tayari. "Hii ng'ombe iuzwe," alisema, "na mama ahamie kwangu mjini."

Mama aliitazama midomo yake mpaka akamaliza. "Nikae kwa nyumba yako nikiangalia ukuta? Mimi siendi."

"Nipeni mpaka azae tena," nikasema. Sijui ujasiri huo niliupata wapi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimepanga chumba Nchiru, katikati ya hosteli za wanafunzi, na burudani yangu ni zile kompyuta ndogo za bodi moja, zisizo na kioo wala kasha, ambazo unaziunganishia waya mwenyewe. Mpaka wakati huo nilikuwa nimezitumia kuwasha taa na kucheza muziki. Sasa nilitaka moja imsikilizie mama, na ng'ombe akilia imwashie taa.

Niliyoanza nayo ni ile ambayo kila mtu huisifu. Inatosha kwenye kiganja, ina nguvu, na ukikwama utapata mtandaoni mtu aliyekwama hapo kabla yako. Niliiwekea maikrofoni, nikaifundisha sauti ya ng'ombe, ikaijua. Lakini stima ya kwetu hupotea na kurudi bila kuaga, na siku moja iliporudi nikakuta kadi ya kumbukumbu imeharibika, bodi haiwaki. Nikanunua ya pili, ya bei nafuu, iliyosifiwa kuwa na kasi kuliko ya kwanza. Kasi ilikuwa nayo kweli. Ila ilipata joto kama pasi, maelezo yake mengi yalikuwa ya Kichina, na ilipoganda sikujua nianzie wapi. Na mvua ikipiga mabati, zote mbili zilikuwa viziwi kuliko mama.

Jumamosi moja nilikaa zizini, moyo umevunjika, nikimtazama ng'ombe akila majani ya nepia. Alilia akitaka maji, akalia tena alipomwona mbwa. Hata bila mvua, sauti ingetuita bure. Nikamgeukia mama ili anione midomo, nikamuuliza siku hizi anajuaje kwamba ng'ombe yuko karibu kuzaa.

"Naangalia mkia," akasema. "Uchungu ukija anauinua, anaushikilia hivyo."

Nilisimama pale pale. Mkia hauhitaji maikrofoni! Kifaa kidogo cha kuhisi mwinamo kingetosha, na kwa kazi hiyo sikuhitaji hata kompyuta kamili. Nilikuwa na bodi ya tatu, ndogo kama kidole gumba, rahisi kuliko zote, ambayo sikuwahi kuiheshimu. Unaipa programu moja, nayo inafanya hiyo tu. Lakini ukiipa umeme inaamka papo hapo, haina kadi ya kuharibika, na betri ndogo inaiweka hai siku kadhaa. Hiyo nikaifunga mkiani pamoja na kile kifaa, nikatafuta ya pili kama hiyo, nikaifunga jikoni pamoja na balbu nyekundu. Ya mkiani ikiiita bila waya, balbu inawaka. Mama aliishonea ya mkiani mfuko kwa tyubu ya baiskeli, maji yasiingie.

Mwanzoni balbu iliwaka kila ng'ombe alipojisaidia, na mama akanicheka sana. Nikairekebisha programu: mkia ukae juu kwa muda, ushuke, uinuke tena na tena, ndipo balbu iwake.

Siku yenyewe nilikuwa nyumbani kwa likizo. Tulikuwa tunamenya viazi vya kuponda mukimo, na mvua ilikuwa imeyashika mabati kiasi kwamba hata mimi mwenye masikio mazima sikusikia lolote nje. Mama akaangusha kisu.

"Taa!"

Tulikimbia mvuani. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika ndani. Mama akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaingiza mkono, akaunyoosha taratibu. "Ngoja asukume," akaniambia. "Bado... bado... sasa! Vuta!"

Nikavuta. Ndama akateleza akatuangukia wote wawili, mama akamsafisha pua kwa nyasi, naye akapiga chafya. Jike! Nilipiga kelele kama mtu wa uwanjani. Mama aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu, nje kabisa ya tuni, na sijawahi kusikia uimbaji mtamu kama ule.

Nikampigia kaka simu ya video. Alimtazama ndama akijaribu kusimama.

"Mama mkwe wangu kule Muthara ana ng'ombe wawili," hatimaye akasema. "Unaweza kumtengenezea hiyo kitu?"

Habari ya kuhama hakuitaja tena. Jumapili baada ya ibada wanawake wa kanisa walikuja kuona. Mama aliwapeleka moja kwa moja zizini, akawaeleza kila kitu mwenyewe, akilitamka neno "programu" kana kwamba amezaliwa nalo.